Shemeji na ABS Yake

Tangu shemeji aagize gari lake Japani, mambo ya kuacha nafasi barabarani yamekwisha. Ukimwambia, "Shem, umelibana mno hilo daladala," anajibu, "Tulia wewe, hii ina ABS." Anaitaja kama hirizi.

ABS yenyewe si ya jana. Bosch waliitoa mwaka 1978, ikafungwa kwenye Mercedes-Benz. Sensa ya gurudumu ikihisi tairi linataka kujifunga huku gari bado linakwenda, mtambo unailegeza breki na kuibana tena, mara nyingi kwa sekunde. Hapo usukani unaendelea kukusikia, na bodaboda aliyekatiza unaweza kumkwepa. Sibishi, ni kitu kizuri. Ila matairi ya shemeji ni vipara, na pale tairi liliposhindwa kuishika lami, ABS itaishikia wapi?

Juzi, mvua inanyesha, daladala likasimama katikati ya Barabara ya Morogoro, kituo hakipo. Shemeji akakanyaga. Pedali ikaanza kumtetemekea mguuni, krrr-krrr-krrr, na yeye huyo, akaondoa mguu! "Breki zinakufa!" Mtu aliyenihubiria ABS tangu Kimara, siku imeingia kazini kaikimbia. Akaanza kupampu kama dereva wa lori la zamani, wakati pedali ya namna hiyo unaikandamiza tu, huiachii, iache itetemeke. Tulisimama, ndiyo, lakini namba ya daladala ningeweza kuifuta tope kwa kidole.

Kwenye changarawe ndiyo usiniambie. Tairi lililojifunga hulimbikiza kokoto mbele yake, nazo zikasaidia kulizuia. ABS haitaki hilo, inaliachia lizunguke, na gari linaweza kwenda mbali zaidi kabla ya kusimama. Nilimweleza hayo kwenye vumbi la kwenda kwa mama, yaani mkwewe. Akaongeza mwendo, eti tuwahi chakula.

Wiki hii taa ya ABS imewaka njano kwenye dashibodi. Breki za kawaida bado zinashika; hiyo ya kujigamba ndiyo imelala. Akaenda gereji. Nikajua fundi atavua gurudumu, aangalie sensa, apanguse matope, afuate waya. Fundi akafungua dashibodi, akachomoa kitaa, akadai hela ya soda.

"Umeona, shem?" shemeji ananiambia, meno yote nje. "Imezima."