Babu wa Makaa Anajibu: Kuku, Bia na Wakwe

Msimu wa kuuza pamba ukianza, barua zinazonifikia hubadilika harufu. Wanaolalamikia wapenzi wanapungua, wanaongezeka waliokwenda porini na kuku, kreti ya bia na simu yenye video, wakarudi na ugomvi. Wiki hii nawajibu hao. Wa mapenzi wasubiri mvua.

*Shikamoo Babu. Niliona kwenye simu Mmarekani amemsimamisha kuku mzima juu ya kopo la bia, kuku akatoka mwekundu kama kwenye kalenda. Jumapili tukaenda mtoni mimi na wenzangu. Kopo hatukuwa nalo, tukatumia chupa. Ikapasuka. Sasa wenzangu wananidai kuku, na mwenye grosari anadai chupa yake. Nianze na nani? — Chupa Tupu, Somanda*

Marahaba. Anza na mwenye grosari, maana chupa ni mali ya kreti na kreti ni mali ya mtu. Wenzako walikuwepo, waliona, hakuna aliyefungua mdomo. Hasara ya kuku mgawane. Nyama yenyewe msiihurumie. Kuku aliyeingiwa na vipande vya chupa hata mbwa hapewi, afukiwe.

Chupa ya bia imetengenezwa kwa ajili ya friji. Ukiisogeza motoni, upande unaotazama makaa hutanuka huku upande mwingine ukiwa bado wa baridi, na kioo hakivumilii mvutano huo. Kama hukuwa umeondoa kizibo, mshukuru Mungu kwamba barua umeiandika kwa mkono wako mwenyewe. Yule Mmarekani alitumia kopo la alumini, alikuwa amelifungua na kunywa nusu, na jiko lake lina mfuniko. Mfuniko huo ndio wenye kazi, lakini kwenye video nani anaangalia mfuniko?

Sasa sikia jambo ambalo halitawafurahisha wenye video. Bia iliyo tumboni mwa kuku haimfanyii kuku jambo kubwa. Sehemu kubwa ya bia ni maji, na maji huchemka kwenye nyuzi 100. Nyama ya kuku ni salama kuliwa ikifika nyuzi 74 mpaka ndani. Bia imejificha katikati, imezungukwa na nyama inayoikinga na moto, kwa hiyo kuku anaiva kabla bia haijatoa mvuke wa maana. Kinachompa utamu ni kule kusimama: mafuta yanashuka, ngozi inakauka pande zote. Angesimamia kopo la maji matokeo yangekuwa yale yale, na bia mngekuwa mmeinywa. Kama huna jiko la mfuniko, mpasue kuku mgongoni, mtandaze kwenye wavu, umbanike kama walivyofanya waliokutangulia.

*Babu, nachumbia Lagangabilili. Kaka zake binti walikuja kunitazama kibandani shambani, nikawachomea jogoo wa kienyeji mzima huku nikimmwagia bia. Nilianza jua likiwa utosini. Giza limeingia, jogoo bado anapigana. Shemeji mkubwa alitafuna paja moja kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama nina mpango mwingine wa maisha. — Taya Zimechoka*

Kijana, ulimvunjia jogoo heshima ya umri wake. Kuku wa kisasa huchinjwa akiwa na wiki chache tu, hajawahi kukimbia wala kukimbizwa, ndiyo maana moto wa haraka unamtosha. Jogoo wa Itilima amezunguka miji ya watu, amepigana, amepanda miti. Miguu yake imejaa kano. Kano haitishwi na moto mkali, inakauka tu na kukaza zaidi. Hulainishwa na majimaji, moto mdogo na muda, mpaka igeuke ule utelezi unaofanya mchuzi ugande ukipoa.

Kwa hiyo sufuria kwanza, wavu baadaye. Mpake jogoo chumvi, tangawizi, kitunguu saumu na ndimu asubuhi. Mchana mlaze mzima kwenye sufuria nzito juu ya vitunguu vilivyokatwa, mimina chupa moja ya bia nyepesi (Balimi inatosha, huna haja ya kujionyesha), ongeza maji mpaka yamfike kifuani, funika. Ichemke kwa utulivu, isifanye fujo. Saa moja na nusu, au mbili na zaidi kama jogoo ana vipi virefu. Chomeka kisu pajani. Kikiingia bila ubishi, mtoe. Hapa ndipo bia inapofanya kazi, kwenye mchuzi, ambako inaleta ladha ya nafaka. Bia nyeusi iache, maana uchungu wake hauondoki na mvuke. Maji yanapungua, uchungu unabaki pale pale. Ukiwa umeshaharibu, kijiko cha asali kitakuficha kidogo.

Akishaiva mfute maji, mpake mafuta, mweke kwenye wavu juu ya makaa yaliyoshika jivu jeupe, dakika chache kila upande mpaka ngozi ipate rangi. Ukitaka mambo ya oveni, mrudishe kwenye sufuria kavu, funika, palia makaa juu ya mfuniko. Mama zetu wameoka keki kwa moto wa juu na chini miaka yote, na hakuna aliyewapiga video.

Waite shemeji zako tena. Wape na ugali wa mtama. Michembe mikavu usiwape, taya zao zimeshatumika.

*Shikamoo Babu. Mama mkwe wangu ni Msabato wa kuzaliwa. Tulikuwa na tafrija ufukweni nikapika kuku kwa bia. Akala, akasifia, akaomba na mchuzi wa kubeba. Mume wangu anasema pombe yote huruka ikipata moto, kwa hiyo tunyamaze. Roho inanisuta. — Mkwe Mwema, Nyashimo*

Marahaba mwanangu. Mume wako si mkweli, au hajui, na yote mawili yanatibika. Kileo huchemka kwenye nyuzi 78, kabla ya maji, lakini hakiondoki chote kwa mkupuo. Wizara ya Kilimo ya Marekani ina jedwali la jambo hili: chakula kilichochanganywa na pombe kikachemshwa nusu saa hubaki na kama asilimia 35 ya kileo chake, saa moja asilimia 25, saa mbili na nusu asilimia 5. Ni kweli kwamba chupa moja kwenye sufuria ya watu wengi hailevyi mtu. Lakini mama mkwe hana shida ya kulewa. Yeye ana ahadi na Mungu wake, na wewe umeivunja kwa mkono wake bila kumuuliza.

Nenda kwake. Mume abaki nyumbani, ataharibu. Nenda mapema katikati ya wiki, usisubiri Ijumaa jua linapozama. Msalimie, kaa chini, sema: "Mama, ule mchuzi ulikuwa na bia, sikukwambia, naomba unisamehe." Usiongeze habari za nyuzi wala asilimia. Huenda akanuna, na ana haki ya kununa. Ila akilisikia jambo hili kwa wifi yako kwanza, utalisikia kila mwaka kwenye harusi na misiba.

Siku nyingine tumia maji ya ukwaju na sukari kidogo. Yana uchachu mzuri, kuku analainika, na hakuna kikao. Kama wengine wanataka ya bia, ziwe sufuria mbili na miiko miwili. Pia kuna Mwislamu, mjamzito, mtoto, mgonjwa aliyeambiwa asiguse pombe akiwa kwenye dawa, na yule aliyeacha kunywa baada ya kuuza ng'ombe wote. Huyo wa mwisho hatakwambia. Tangaza kilichomo kabla ya kupakua.

*Babu, tumepata ngitili nzuri ya mzee mmoja, kivuli kipo, nyasi kavu zinafika magotini. Tunataka kupiga kambi tuchome kuku. Kuni na vijiti vya kumsimamisha kuku tutakata kwenye ua wa minyaa. — Wana Kambi, Maswa*

Msiende. Ngitili ni malisho yaliyozuiwa tangu mvua ili ng'ombe wapone kiangazi. Tulipokuwa bado Mkoa wa Shinyanga, mradi wa HASHI ulianza mwaka 1986 kuwahimiza watu wazifufue, na nyinyi mnataka kuimaliza kwa cheche za kuku mmoja. Sungusungu wakifika hawatauliza mapishi. Na minyaa! Utomvu wake mweupe ukiingia machoni unaweza kukupofusha, nanyi mnataka kuuchomeka ndani ya chakula. Nendeni kwenye mchanga wa mto uliokauka, mkusanye mgunga mkavu ulioanguka, mbebe ndoo ya maji, na msiondoke mpaka jivu lishikike kwa mkono.

*Tunakwenda kulala kambini Serengeti, tunaingilia geti la Ndabaka. Harufu ya kuku haitawaita fisi? — Mwoga, Lamadi*

Itawaita. Pikeni sehemu iliyotengwa, mle kabla ya giza, mabaki yaingie kwenye chombo chenye mfuniko na chombo kiingie kwenye gari, kisilale hemani. Mifupa msitupe, kulisha wanyama hifadhini ni kosa, na fisi aliyezoea kupewa ataomba hata kwa asiye na kuku. Kuhusu sifa nyingine za fisi wa Usukuma, ukimwona amepandwa na mtu usiniandikie mimi.

*Babu, kuku mzima wa bia alipofika mezani, baba yangu na baba mkwe wakapeleka mikono tumboni mwake kwa pamoja kutafuta firigisi. Haikuwepo. Wakanigeukia mimi. — Mpishi Niliyeionja, Bariadi mjini*

Jina lako limeshakiri, hapo siwezi kukutetea. Kosa la pili ni kumpeleka kuku mzima mbele ya wazee wawili. Kuku aliyekatwa vipande anapakuliwa jikoni, na mpakuaji ndiye hakimu. Firigisi inakwenda kwenye sahani ya mtu na mjadala umekwisha. Kuku mzima anafungua kesi hadharani. Watu wa video hawana tabu hii kwa sababu kuku wao hununuliwa dukani ameshatolewa vya tumboni, na baba zao hawaulizi.

Usiseme iliungua. Wazee wote wawili wamekula firigisi kabla hujazaliwa na wanajua haiungui ikaisha. Kesho asubuhi nenda sokoni, nunua kuku wawili wa kienyeji wenye uzito sawa, rangi sawa ikiwezekana, uwapeleke wakiwa hai, mmoja kwa kila mzee, siku moja. Wachinje wenyewe. Bia usipeleke.