Heko, Mvujo

Katika pwani yetu kila kilichomo chomboni kimeshapata msifu wake. Tanga limesifiwa, nahodha amesifiwa, kusi na kaskazi zimesifiwa hadi zimevimba kichwa. Hata mashine inayofungwa nyuma ya boti ina wapambe wake, hasa vijana wanaoijua kwa mlio kabla hawajaiona. Mvujo peke yake, unaoanza kazi kabla ya mabaharia na kuendelea wakishalala, haujawahi kutungiwa hata ubeti mmoja. Lucian wa Samosata, katika karne ya pili, aliandika sifa za nzi, naye nzi hajamfundisha mtu lolote isipokuwa kufunika chakula. Basi leo nasimama kuitetea haki iliyocheleweshwa.

Nauzungumzia mvujo wa aina maalumu: ule wa boti ndogo kuukuu ya mashine, ya futi 13 hadi 16, iliyonunuliwa kwa bei ya chee na mtu mwenye akili timamu aliyeapa kuifufua, kuipaka rangi, kuiongezea madoido na kuipa jina la binti yake.

Tuanze na nasaba, kwa maana msifu asiyetaja ukoo hajasifu. Babu wa mvujo aliishi ndani ya mtepe, kile chombo cha Lamu na Pate ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi badala ya kupigwa misumari. Mtepe ulivuja tangu siku ulipoteremshwa majini, na waliokumba maji walikuwa na nafasi yao chomboni sawasawa na mshika usukani. Hakuna aliyeona aibu. Boriti zilipakiwa, safari zilisafiriwa, na maji yalipanda na kushuka ngamani njia nzima kama mwenyeji aliyezoeleka.

Tawi jingine la ukoo huo lilikwenda mbali. Mwaka 1503, katika safari yake ya nne, Christopher Columbus alilazimika kuzipandisha ufukweni Jamaica merikebu mbili zilizombakia, kwa sababu mnyoo wa baharini alikuwa amezitoboa hadi maji yakawashinda mabaharia. Akakaa huko kama mwaka mzima akingoja kuokolewa. Huyo mnyoo kwa kweli si mnyoo. Ni jamaa ya chaza na kombe, mwenye ganda dogo kichwani la kusagia mbao. Lakini tazama alivyokuja kuheshimiwa. Mhandisi Marc Brunel aliichunguza kazi yake, akaona jinsi anavyosonga mbele chini ya ulinzi wa ganda huku akilipaka chokaa tundu analoliacha nyuma. Mwaka 1818 akapata hataza ya ngao ya kuchimbia mahandaki, na mwaka 1843 handaki la chini ya mto Thames, jijini London, likafunguliwa. Treni hupita humo mpaka leo, zimejaa watu waendao kazini bila kumshukuru aliyetoboa merikebu.

Nasaba imetosha, tuje kwenye tabia. Sifa kuu ya mvujo ni ukweli. Katika biashara nzima ya boti kuukuu, huyu ndiye shahidi pekee asiyepokea bahasha. Muuzaji atakuambia boti imelala kidogo tu kwa kuwa mwenyewe yuko safarini. Rangi mpya ya buluu itakuambia mambo ni shwari, na puti iliyojazwa kwenye nyufa itaitikia amina. Na ukimwuliza fundi, utapata jibu la kitaalamu:

“Fundi, inavuja?”

“Haivuji, mzee wangu. Inatoa jasho tu. Mbao zikishiba maji zitajiziba zenyewe.”

Fundi hajasema uongo. Amesema nusu ya kweli, na nusu ya pili amekuachia uigharimie. Ni kweli kwamba mbao zilizokaa juani husinyaa na viungo vyake hufunguka, na kwamba zikirudi majini huvimba na kubanana tena baada ya siku moja au mbili. Ndiyo maana mpiga kalafati mzoefu hashindilii pamba kwa hasira kwenye boti kavu: mbao zikivimba zikakosa pa kwenda, zitayasukuma mataruma na kuing’oa misumari. Lakini ikiwa wiki imekwisha na bado unakumba, hilo si jasho tena. Na aliyekupa habari hiyo bila ada ya ushauri ni nani? Mvujo.

Aidha mvujo hauwalei wavivu. Hausemi yote kwa siku moja, wala hauingilii pale unapotokea. Maji unayoyaona karibu na mashine huenda yaliingia omo, yakafuata mkuku polepole chini ya sakafu, yakajitokeza tezi na sura ya kutojua chochote. Ndipo mwenye boti anapogeuka mpelelezi. Wapo wanaoipandisha boti kwenye magogo, wakatia maji kiasi ndani, kisha wakalala chali chini yake na tochi wakitazama ni wapi panadondoka. Wapo wanaoiacha ikielea, wakapitisha unga wa mbao chini ya tumbo lake ili tundu liunyonye na kujifichua, na pengine kujiziba kwa muda. Wapo wanaobandika kipande cha sabuni ya mche kwenye ufa na kuuita ufa huo umepona. Wahenga waliosema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani, nina hakika walikuwa wameshawahi kununua boti ya mkono wa pili.

Utaniambia: hayo ni ya mbao, mimi nina boti ya faiba, mambo hayo yamenipita. Hapo ndipo mvujo unapoonyesha subira yake. Mwaka 1958 Mmarekani Richard Fisher alianza kuuza boti ya futi 13 iitwayo Boston Whaler, yenye ngozi mbili za faiba na povu gumu lililojazwa katikati. Mwaka 1961 jarida la Life lilimwonyesha ameketi ndani ya boti hiyo huku ikikatwa vipande viwili kwa msumeno. Baadaye akaondoka zake na nusu yenye mashine. Dunia ikapiga makofi: boti isiyozama! Mvujo haukubisha. Ulikaa kando ukawangoja wenye boti.

Nao wenye boti hawakuuangusha. Mmoja alitaka kishikio cha fimbo ya kuvulia, akatoboa. Mwingine alitaka kiti cha kuzunguka, akatoboa pande nne. Wakaja wa spika za muziki, wa taa za buluu za kumulika maji usiku, wa kishikilia chupa. Kila dido lilikuja na skrubu zake, na kila skrubu isiyozungushiwa gundi ya kuzuia maji ikawa mlango mdogo wa kuingilia kwenye povu. Miaka ikapita. Boti haikuzama, ahadi ya Fisher ilitimia, ila ilikunywa. Leo anayeifufua huipeleka kwanza kwenye mizani ajue ni kilo ngapi za bahari alizouziwa pamoja nayo. Kisha huigonga tezi kwa mpini wa nyundo. Mlio mkali, plaiwudi ya ndani ni nzima. Mlio mzito uliozimika, imeoza, na mashine ya farasi 40 imekuwa ikining’inia kwenye kitu kinachokaribia kuwa uji. Tazameni basi nidhamu ya mvujo: hauwaadhibu ila wanaojipamba kupita kiasi.

Maadui wake husema ndio unaoozesha mbao. Huu ni usingiziaji wa kawaida, na naomba niujibu. Kuvu wanaoozesha mbao hupenda maji baridi yasiyo na chumvi, joto, na hewa iliyofungiwa mahali. Chumvi huwakera, ndiyo maana zamani wajenzi wa merikebu za mbao huko Marekani walijaza chumvi kati ya mataruma. Kwa hiyo mwozeshaji mkuu ni mvua inayoingia kutoka juu na kutuama pembeni, chini ya lile turubai ulilofunika kwa upendo na kulikaza pande zote hewa isipite. Mvujo huleta maji ya chumvi. Mvua ndiyo huleta msiba. Lakini mvua inaombewa dua, mvujo unatukanwa.

Wengine husema mvujo unaua. Hili nalikubali nusu, tena kwa hesabu. Tundu lenye upana wa sentimita 2.5, likiwa sentimita 30 chini ya usawa wa maji, huingiza kama lita 40 kwa dakika. Hizo ni ndoo mbili kubwa, na dakika inayofuata nazo ni mbili nyingine. Pampu ndogo ya umeme iliyoandikwa galoni 500 kwa saa hutoa, betri ikiwa mpya na bomba likiwa safi, lita zisizofika 1,900. Tundu letu kwa saa hiyohiyo limeleta zaidi ya 2,400. Na tundu la upana huo halihitaji mnyoo wala mwamba. Lipo tayari kwenye boti nyingi, limetobolewa na mjenzi mwenyewe chini kabisa ya tezi ili maji yatoke boti ikiwa nchi kavu, na linazibwa na kizibo ambacho aghalabu husahaulika kwenye boksi la zana. Muuaji, basi, ni usahaulifu. Mvujo wa kweli, ule mdogo wa kila siku, ni mwungwana: unalowesha soksi kabla ya kulowesha magoti, unatoa taarifa, unampa mtu nafasi ya kugeuza omo kuelekea nyumbani.

Sasa tazameni fadhila zake kwa jamii. Bila mvujo, kijana wa ufukweni angekumba nini? Mwenye duka la vifaa angemwuzia nani resini, pamba na misumari ya shaba? Nani angekumbuka deheni, ule mchanganyiko wa shahamu na chokaa unaopakwa tumboni mwa chombo, au harufu ya sifa ya papa inayomtangulia fundi njiani? Nani angejua mwezi ni wa ngapi? Mwenye boti kavu hutazama mwezi kwa mapenzi. Mwenye boti inayovuja huutazama kwa ratiba. Anajua kwamba mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, kwamba maji yakipwa sana boti italala mchangani tumbo wazi, na kwamba kalafati ina saa chache tu kabla maji hayajarudi kudai nafasi yake. Shule gani inafundisha falaki kwa bidii hiyo?

Na nyumbani je? Mume aliyekuwa hapokei simu sasa yuko macho saa tisa usiku akimpigia mlinzi: “Ndugu yangu, yamefika wapi?” Mkewe anasikia sauti ambayo hajaisikia tangu uchumba, iliyojaa wasiwasi, upole na ahadi za pesa. Kweli haikuelekezwa kwake, lakini walau ameshajua kwamba mumewe bado anaiweza.

Nisije nikaambiwa nina upendeleo, nakiri kwamba boti isiyovuja kabisa ipo. Nenda kwenye hoteli za ufukweni utaiona. Imepakwa vanishi mara saba, imeng’arishwa, imewekwa katikati ya ukumbi wa chakula, imejazwa barafu na soda, na wageni wanapiga nayo picha. Haina mashine, haina nahodha, haina safari. Wenyewe wanasema imefufuliwa. Lakini ngoja saa sita mchana, barafu ianze kuyeyuka. Maji yatatafuta ule mshono wa zamani ambao vanishi iliupita bila kuugusa, yataupata, na mhudumu atakuja na deki kufuta sakafu, akinung’unika kwamba hili dude linavuja. Mwambieni asinung’unike. Ni kitu kimoja tu humo ukumbini ambacho bado kinafanya kazi ya boti.