Friji la Kufunguliwa kwa Ndala

Ukitaka kuijua familia, itishe mchango. Ukisema vigae, pesa inaingia kabla hujamaliza kuandika. Ukisema jipsamu, kaka yangu wa Mwanza anapiga simu usiku kuuliza itakuwa ya ngazi ngapi na taa zake zitakuwa za rangi gani. Ukisema nyaya, kundi zima la WhatsApp linapatwa na mtandao mbovu.

Nyumba yenyewe ni ya marehemu babu, ipo Ilala, na umeme wake ni wa miaka ya hamsini. Mzee alikuwa na matumizi ya kiungwana: taa moja katikati ya kila chumba, na soketi moja sebuleni kwa ajili ya redio. Pasi yake ilikuwa ya mkaa. Nyaya za enzi zile zilivikwa mpira, na juu ya mpira kitambaa, na mpira huzeeka hata kama hakuna aliyeugusa. Fundi niliyemwita alipanda darini, akazima kwanza meni, akashika waya mmoja kidogo tu. Ganda likamvunjikia mkononi kama chapati ya juzi, ikabaki shaba tupu. Akashuka ngazi taratibu, akajipangusa vumbi, akaniuliza, "Bosi, humu wanalala watu?"

Nikamwambia wanalala, na wa uani wanalipia kodi.

Kuna sanduku la fyuzi za kauri nyuma ya mlango wa mbele. Fyuzi ni kipande cha waya mwembamba kilichowekwa pale kife kwa niaba ya wengine: mzigo ukizidi kinayeyuka, umeme unakatika, nyumba inasalimika. Binamu yangu alichoka kuona kinakufa kila jagi la umeme likiwashwa, akakitoa, akaweka waya mnene aliouchuna kwenye feni mbovu. Tangu hapo fyuzi haijakatika, na ukoo mzima unamtambua kuwa ndiye fundi wetu. Kwamba siku hizi kitakachoyeyuka kwanza ni waya uliomo ukutani, hilo nalisema mimi peke yangu, na kila nikilisema naambiwa niache uchuro.

Lakini tuje kwenye friji, maana friji letu lina masharti. Halifunguliwi peku. Pale jikoni ipo jozi ya ndala za bluu, haina mwenyewe, ni mali ya friji. Mgeni akijiendea zake kutafuta maji baridi, nyumba nzima inamkemea kwa sauti moja: "Vaa ndala!" Watoto wamezaliwa wakaikuta sheria hii, wanaamini ndivyo yalivyo mafriji yote duniani. Mjukuu mmoja wa shangazi alipelekwa kwa watu Mbezi, akakataa kabisa kugusa friji la wenyewe mpaka apewe ndala. Wenyeji wakamsifu kwa adabu.

Fundi alinionyesha kisa chake. Bodi ya chuma ya friji inatakiwa iunganishwe na ardhi kupitia waya wa ethi, ili umeme ukivuja upate pa kukimbilia na fyuzi ikatike. Zamani ethi ya nyumba hii ilifungwa kwenye bomba la maji la chuma lililozama ardhini, na kwa wakati wake mambo yalikwenda. Kisha tukabadilisha mabomba, tukaweka ya plastiki. Ule mchango ulitimia haraka sana, kwa kuwa bomba la zamani lilikuwa na kutu na lilipita mbele ya wageni. Waya wa ethi haukukumbukwa na mtu. Mpaka leo umefungwa pale pale, kwa heshima zote, kwenye kipande cha chuma kilichobaki, na kipande hicho kinaishia kwenye plastiki. Plastiki haipitishi umeme. Kwa hiyo umeme wa friji ukitaka kwenda ardhini, njia iliyobaki ni wewe. Ndala ndiyo inayokutetea, na siku sakafu ikilowa, ndala nayo haitoi ahadi.

Shangazi hataki friji liguswe. Anasema ule mshituko unamsaidia baridi yabisi ya vidole.

Halafu kuna dada yetu wa Muscat, ambaye Mungu amempa moyo mkubwa na mizigo mingi. Oman wanatumia plagi ya pini tatu bapa kama sisi, na volti zao 240 hazigombani na zetu 230. Kwa hiyo kila anachotuma kinazama kwenye soketi bila adapta wala swali. Laiti angeolewa Marekani, kwenye volti 120 na plagi za namna nyingine, angalau pangekuwa na kikwazo. Sasa tuna kikaangio cha hewa, pasi ya mvuke na mashine ya kusaga viungo, vyote kwenye ekstensheni moja, nayo imechomekwa kwenye ekstensheni ya pili inayopita nyuma ya kochi mpaka kwenye soketi ya redio ya babu. Nyuma ya kochi pana joto zuri. Paka ndiko anakolala.

Mpangaji wa chumba cha uani amefunga hita ya kuogea ya wati 5,500. Gawa kwa 230, unapata karibu ampea 24. Ameivuta kutoka kwenye waya wa taa, wa milimita za mraba moja na nusu, wakati fundi anasema hita kama ile inataka waya wa nne au wa sita, tena na breka yake peke yake. Akiingia bafuni, taa zetu zote zinafifia. Ndivyo tunavyojua kwamba ni mtu msafi.

Na watoto nao wana utaalamu wao. Soketi ya pini tatu ina vifuniko ndani, na ile pini ndefu ya juu ndiyo inayovisukuma vifunguke, makusudi mtoto asiingize kitu. Chaja zetu ni za pini mbili, basi tundu la juu tunalifungua kwa kalamu. Anayetumwa kufanya kazi hiyo ni mtoto wa darasa la pili, kwa sababu ana vidole vyembamba.

Nikaitisha kikao. Fundi wangu ana leseni ya EWURA, jambo lililomkera binamu, ambaye leseni yake ni testa mfukoni mwa shati. Fundi akataja kazi: nyaya zote zitolewe, ipigwe fimbo ya shaba ardhini kwa ajili ya ethi, liwekwe sanduku jipya la breka. Kaka wa Mwanza, aliyekuwa kwenye simu, akauliza baada ya gharama zote hizo tofauti itaonekana wapi. Fundi akajibu kwa ukweli wake wote: haitaonekana popote, ukuta utapigwa plasta upya na rangi, utakuwa vile vile. Nilimtazama kwa huzuni. Mtu mwenye ujuzi wote ule hajui kuombea pesa.

Nikapunguza ombi. Nikasema basi tuanze na ethi na breka moja tu, ile ya kugundua umeme unaovuja. Inalinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na zikipotea hata miliampea 30 inakata yenyewe kwa sehemu ndogo ya sekunde, kabla moyo wa mtu haujasimama. Binamu akainua mkono. Akataka kuelewa: yaani tununue kwa pesa yetu kifaa cha kukata umeme, wakati umeme unakatika wenyewe bure? Kikao kikacheka mpaka kikaagiza chai, na chai ikachemshwa kwenye jagi.

Mpaka sasa ahadi iliyopatikana ni moja, ya shangazi. Ameuliza kama hiyo breka inauzwa ya rangi ya krimu, iendane na vigae. Ikipatikana atatoa pesa yote yeye mwenyewe, ila iwekwe sebuleni.