Lisbon: Anzeni na Risiti

Ndugu zangu wa Pwani, huku Lisbon, mji wa vilima, kila mgeni hukabidhiwa ramani yenye vituo vilevile: mnara wa Belém, monasteri ya Jerónimos, tramu ya njano namba 28, lifti ya Santa Justa, na foleni ya vikeki vya kastadi. Kwa yeyote anayedunduliza nauli ya kuja huku, nina neno moja: ramani hiyo imeanzia mkiani. Mswahili akitua, aanze na chombo cha dhahabu chenye kimo cha sentimita 73 katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale. Vingi vya Belém ni bidhaa. Hiki ndicho risiti.

Ramani nayo tuitendee haki. Namba 28 ni kijibehewa cha zama za 1930 kinachopanda vichochoro vya Alfama kikilia kama bawaba kavu, abiria wamebanana, kila mmoja kashikilia mfuko wake kwa kuwa wezi nao hupenda vivutio. Watu hupanga foleni na kulipa ili waipate adha hiyo. Mkazi wa Mbagala huipata kila asubuhi, tena na konda wa kumtania. Lifti ya Santa Justa, iliyoanza kazi 1902 na yenye kimo cha mita 45 hivi, humpandisha mtu hadi mtaa wa juu, mahali ambapo miguu nayo hufika, bila tiketi. Ni vitu vya kupendeza, sikatai, ila havina habari nasi.

Chombo chetu kinaitwa Custódia de Belém. Ni cha ibada ya Kikatoliki, cha kuonyeshea ekaristi, na katikati wamepiga magoti mitume 12 wadogo wa dhahabu. Mwaka 1502 Vasco da Gama aliirudia pwani yetu na merikebu zenye mizinga, akamlazimisha mtawala wa Kilwa alipe kodi ya dhahabu. Mwaka uliofuata dhahabu ikafika Lisbon. Mfalme Manuel I wa Ureno akaamuru ifuliwe chombo hiki, kikakamilika 1506, na kwenye kitako pakaandikwa kwamba kimetokana na kodi ya Kilwa. Mnyang'anyi gani mwingine huchora jina la mwenye mali juu ya mali? Kodi yenyewe ilikuwa ya kununulia amani. Lakini Julai 1505, sonara hajamaliza hata kazi, merikebu za Mreno mwingine, Francisco de Almeida, zikafika Kilwa, askari wake wakauteka mji na kuupora. Wanaolalamikia tozo za miamala ya simu wazipime na kodi hiyo.

Mwenye risiti mkononi huisoma Belém kwa macho mengine. Ujenzi wa monasteri ulianza 1501, ukagharimiwa kwa ushuru wa biashara ya Afrika na India, na ndani amezikwa da Gama mwenyewe. Kanisa kwa lugha yao ni igreja, nasi tukalichukua neno hilo tukapata gereza. Kila mtu husikia alichotendewa. Karibu na hapo, kwenye mnara wa kuwaenzi mabaharia, zimechongwa sanamu 33, na rubani aliyemwongoza da Gama kutoka Malindi hadi India 1498 hayumo. Faraja ipo, ndogo: magofu ya Kilwa Kisiwani yaliingia kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia 1981, monasteri na mnara wa Belém 1983. Safari hiyo tuliwatangulia.

Najua mtakalosema. Mmoja atadai kwamba thamani ni ya ufundi, na kazi hii huhusishwa na sonara stadi, Gil Vicente. Apewe sifa zake. Fundi cherehani husifiwa kwa mshono, lakini haulizwi kitambaa ni cha nani. Mwingine, huyu mkali zaidi, atakumbusha kwamba Kilwa haikuchimba dhahabu: ilitoka bara, nyanda za Zimbabwe, ikapitia Sofala, nasi tulikuwa madalali. Kweli tupu, na watu wa bara tuliowapunja bei hawakuandikwa kwenye kitako chochote. Hoja hiyo hairudishi dhahabu kwa Manuel; inaongeza tu idadi ya wenye haki ya kusimama mbele ya kabati la kioo. Wa tatu ataguna kwamba mtu hatoi nauli yote hiyo kwenda kununa. Nani kasema kununa? Mjukuu anayekuta jina la babu yake kwenye kabati la watu hutembea mjini kama aliyealikwa.

Basi mkija, nendeni kwanza makumbusho, kisha mteremke Belém. Vikeki vya pale vinauzwa tangu 1837, na juu yake hunyunyizwa sukari na mdalasini. Msione haya kunyunyiza mara mbili.