Chenji Sina

Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Dar mwaka 2016, daladala zetu zikaondolewa Barabara ya Morogoro, na mimi konda nikaondoka nazo. Wenzangu wakahamia bodaboda. Mimi nikahamia kwenye Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, maana binamu yangu alisema inafundishwa bure mtandaoni na haidai leseni.

Somo la kwanza tu lilinikera. Kwenye orodha za Python, kitu cha kwanza ni namba sifuri. Yaani abiria wa siti ya mbele ni wa sifuri! Hesabu ya namna hiyo tajiri angeletewa jioni, ningelala polisi.

Kujifunza kukaenda, kazi ndiyo ikagoma. Tangazo linasema wanatafuta anayeanza, chini yake: awe na uzoefu wa miaka mitatu. Mjomba akaupamba wasifu wangu: "Mratibu wa Abiria na Mapato." Nilipousoma nikamwonea wivu huyo bwana.

Hatimaye usaili. Ubao mweupe, wasaili wamenuna, na swali: andika programu ya kurudisha chenji kwa sarafu chache iwezekanavyo.

Nilijizuia kucheka. Nikaandika chapchap: anza na sarafu kubwa, ikishindikana shuka. Anadai mia saba? Mia tano moja, mia mbili moja, twende.

"Sasa chukulia sarafu ni za moja, tatu na nne," akasema kijana mwenye miwani. "Abiria anadai sita."

Njia yangu ikatoa nne, moja na moja. Yeye akatoa tatu na tatu. Nikamwuliza ni nchi gani hiyo yenye sarafu ya tatu, nisije nikapata kazi huko. Kwa sarafu za Tanzania, nikamweleza, njia yangu inafika. Isitoshe, konda mzoefu hahangaiki na sarafu: anawapa abiria wawili noti moja, wakishuka watagawana.

"Na kama hawajuani?"

"Watajuana hapohapo, bosi."

Wakaandika kwa muda mrefu.

Nje nikamkuta mhasibu anatoa nauli. Mimi na msailiwa mwenzangu, dada mwenye shahada ya kompyuta, tukakabidhiwa noti moja ya elfu kumi.

"Mtagawana huko mbele," akasema, akafunga dirisha.

Dada wa watu akafura. Kazi hawajanipa hadi leo, lakini mfumo wangu ulianza kutumika siku ileile.