Ombi la Sekunde Ishirini

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Vipindi vya Televisheni,
Dar es Salaam.

Mheshimiwa,

Baada ya salamu zilizojaa taadhima, na baada ya kukuombea afya, uzima na matangazo mengi ya biashara, mimi mwandishi mnyonge wa Lizaboni, mjini Songea, natwaa kalamu ili nikushukuru. Kituo chako sikitaji kwa jina, maana staha yanizuia, na hata ningalikitaja, vituo vingine vingalidai sehemu yao ya shukrani hizi hizi.

Shukrani ya kwanza ni ya kupumzishwa kazi. Kabla gridi ya taifa haijatufikia kutoka Makambako mwaka 2018, umeme wa mji huu ulitegemea majenereta ya dizeli, na kila ulipozimika, jamaa zangu waliokuwa wameikodolea macho televisheni walikwenda kulala, nami nikawasha koroboi, nikaandika hadi usiku wa manane. Kwa hiyo sura nyingi za riwaya yangu zilitungwa kwa ihsani ya giza. Sasa nuru imetamalaki, tamthilia zafuatana tangu magharibi hadi watoto wasinziapo, na meza yangu ya kuandikia ndiyo meza ya televisheni. Muswada haukutupwa: mama watoto, kwa busara yake, ameukunja akauweka chini ya king'amuzi, kipate hewa kisichemke. Sijui ni nyumba ngapi nchini ambamo fasihi ya Kiswahili inaitegemeza televisheni kwa namna iliyo dhahiri kama hiyo.

Usidhani kwamba nanung'unika. Mchana huketi kwenye baraza ya duka la stesheneri, karibu na soko kuu, nikiandika barua za kuomba kazi, kadi za michango ya harusi, wasifu wa marehemu nisiowahi kuwajua, na, ufikapo msimu wa mahafali, risala. Kijana husimama mbele ya mgeni rasmi akaisoma risala niliyoikeshea, ukumbi ukarindima kwa makofi, mgeni rasmi akausifu ufasaha wa kijana, nami niko nje mlangoni naulizia salio langu. Basi nirudipo jioni nikatazama tamthilia zenu, hujiona niko kwetu kabisa. Kipindi kikifikia ukomo, wakati ambapo mtazamaji aliyelia na kucheka angestahili kujua ni nani aliyemliza, picha hubanwa ikawa kipande kidogo pembeni, majina yakapita mbio kama siafu waliomwagiwa majivu, na sauti nene ikahubiri habari za sabuni ya unga. Nimezoea kuinuka na kukisogelea kioo, miwani puani, nipate walau jina la mwandishi, na kitinda mimba wangu, kwa adabu zote, huniambia, "Baba, unaziba tangazo."

Naikumbuka tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, iliyorushwa na TBC mwaka 2011 ikisema Kiswahili, ikapendwa hata Rais Xi Jinping, alipofika Dar es Salaam mwezi Machi 2013, akaitaja katika hotuba yake. Doudou, ambaye hakuzaliwa wala hatakufa, ametajwa na mkuu wa dola. Lakini yule aliyekaa na daftari akitafuta neno lenye ukali wa kumtosha mama mkwe wa Beijing, lisilovunja heshima ya sebule za Waswahili, na tena lisizidi mwendo wa midomo ya msemaji, yeye ametajwa na nani? Hivi leo masultani wa tamthilia za Uturuki wanatoa amri za kunyonga watu kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha majukwaa yetu ya siasa, na majirani zangu wanazijua fitina za kasri la Istanbul kuliko habari za manduna wa Kingoni walionyongwa na Wadachi papa hapa Songea tarehe 27 Februari 1906, ambao makumbusho yao tunayapita tukienda kununua vocha za vifurushi.

Kuhusu sheria, Mheshimiwa, nimekuonea fahari. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 yampa mtunzi haki ya kutambuliwa kwa kazi yake. Haikusema jina lake lipite kwa kasi gani, na mafundi wako, kwa umahiri ambao sina budi kuusifu, wameliona pengo hilo.

Kwa hiyo siombi mshahara, wala siombi riwaya yangu itolewe chini ya king'amuzi, maana nachelea kitaungua na lawama zitanifika mimi. Naomba sekunde ishirini tu: picha ikijaze kioo, majina yapite pole pole, la mwandishi na la mfasiri yasomeke na mtu wa makamo mwenye miwani ya mkopo, kisha ndipo sabuni ishike zamu yake. Na ikiwa sekunde hizo ni ghali mno, tafadhali niletee bei yake, nizichangishie. Kadi za michango naziandika mwenyewe.

Wako mtiifu,
Mwandishi wa risala,
Lizaboni, Songea.