Koloneli Ritidi

Jumamosi usiku, ukumbi mzima ukila pilau, nilimkaribisha mjomba wa bwana harusi kwa jina la Koloneli Ritidi. Karatasi ya kamati iliandikwa "Colonel Rtd.", nami nikasoma kilichoandikwa, tena kwenye kipaza sauti kilichokuwa kikikatika jioni nzima isipokuwa dakika hiyo. Watu wakaangua kicheko. Mzee mwenyewe hakucheka. Alisimama wima, akafunga kishikizo cha koti, akasema, "Kanali mstaafu, kijana," akaketi. Tangu hapo watoto wa mtaani wananipigia saluti.

Usingizi ulinipaa, nikakesha na kamusi. Basi sikilizeni. Waitaliano walimwita kiongozi wa safu ya askari colonnello, kutoka colonna, yaani nguzo. Wafaransa wakaona l mbili jirani zinauchosha ulimi, wakageuza ya kwanza kuwa r: coronel. Karne ya 16 Waingereza wakalichukua hivyo hivyo, na r yake. Halafu wasomi wao, waliokuwa wakitafsiri vitabu vya vita vya Kiitaliano, wakairudisha l katika maandishi. Midomo haikupelekewa taarifa. Ndiyo maana mpaka leo kalamu ya Mwingereza iko Italia na ulimi wake umebaki Ufaransa, silabi ya katikati imemezwa kabisa, na ofisa mzima wa jeshi anatamkwa sawasawa na kernel, punje ya mahindi. Wanaoitamka r ya kernel huitamka na hapa, lakini itafute kwenye maandishi: haimo! Sisi tulisikia, tukaandika kanali, tukaendelea na shughuli zetu.

Ningecheka nikanyamaza, kama si ile b ya debt. Kiingereza kilipokea neno hilo kutoka Kifaransa bila b yoyote. Lilikuwa dette, linaandikwa linavyotamkwa. Wakaja wataalamu waliotaka kila mtu ajue kwamba ukoo wa neno hilo ni debitum ya Kilatini, wakalichomekea b ambayo hawakukusudia kuitamka, na hakuna anayeitamka hadi leo. Ni herufi ya maonyesho tu. Kidato cha kwanza niliandika det, nikachapwa. Ninachotaka kujua ni hiki: mtoto wa miaka kumi na minne analipaje kwa makalio yake majivuno ya watu waliokufa zamani, ambao deni lenyewe hawakumkopesha?

S ya island nayo ilibandikwa kwa kudhaniwa kwamba neno hilo ni ndugu wa isle, na si ndugu. Dukani niliwahi kuisoma p ya receipt, ambayo nayo haitamkwi, nikaomba "risipti". Keshia akamwita mwenzake aje asikie.

Na wenye lugha wenyewe je? Mwaka 1934 kamusi kubwa ya Webster, toleo la pili, ilitoka Marekani ikiwa na neno dord, maana yake densiti. Neno hilo halikuwahi kuwapo duniani. Kulikuwa na kadi iliyoandikwa "D or d", kueleza kwamba density hufupishwa kwa D kubwa au ndogo. Kadi ikaingia kwenye rundo lisilo lake, ikapita mikononi mwa wahariri na wasahihishaji, ikachapishwa. Waligundua mwaka 1939. Watu wazima, wenye mishahara na miwani, na sijasoma popote kwamba kuna hata mmoja aliyeinamishwa.